Daraja Liko Kusini

Kitabu hakikuwa changu. Wendell alikisahau
ndani ya greda la theluji, kati ya kiti na chupa ya chai,
jalada limekunjamana, alama ya dole la grisi
juu ya jina la mwandishi: Thora Belisle.
Saa tisa usiku, nangoja amri ya kuondoka,
theluji inashuka kama unga unaopepetwa bila haraka,
redio haina la kusema ila kukoroma.
Nikakifungua katikati. Mimi si msomaji.
Nilikifungua kama mtu anavyofungua friji bila njaa.

Nikakuta barabara yangu.

Ileile: kona ya ghala la mbegu,
kanisa la Wafini lililouzwa,
mteremko unaokula breki, kisha Mto Kam.
Miaka ishirini na sita naikwangua,
naijua kama ulimi unavyolijua jino bovu.
Na huyu mama kaliweka daraja kaskazini!
Kaskazini, ambako hakuna hata gogo la kuvukia,
kuna ng'ombe wa Saarikko na ua wa waya, basi.

Asubuhi sikulala. Nilimweleza Darlene,
naye anamwagia sirapu chapati zake za maji.
"Basi soma na vingine," akasema,
"uyahesabu makosa yote."
Alidhani ananitania.

Alhamisi, maktaba ya mjini.
Bhavneet wa kaunta akaniletea vinne,
akavipanga kwa miaka, akagonga mmoja kwa kucha:
"Hiki cha tatu kitakuudhi. Usikiache."

Cha kwanza chembamba, kina maneno mengi mno,
kama mgeni anayeingia na buti za theluji na salamu kumi.
Cha pili: mwanamke anafua mashuka ya hospitali,
kurasa mia tatu, hakuna kinachotokea,
nami nikajikuta nanusa mikono yangu.
Cha tatu kiliniudhi.
Watu wazima wote wanadanganyana mezani,
mtoto anasema kweli, anaambiwa ale viazi.
Nilikivurumisha chini ya kitanda.
Usiku wa manane nikakifuata kwa magoti, na tochi.

Nilikuwa na daftari la makosa.
*Uk. 41: barafu ya huku haivunjiki Machi.*
*Uk. 112: fundi gani huyu mwenye glavu nyeupe?*
Kisha, sijui siku gani, daftari likageuka:
*Uk. 208: hivi ndivyo baba alivyokuwa akifunga mlango.*
*Uk. 230:*
Hapo sikuandika kitu. Niliacha namba tu.

Nikamwandikia, kwa kalamu, kupitia wachapishaji wake.
Mama, daraja liko kusini.
Kwa heshima, Reijo Tuominiemi, dereva wa greda.

Miezi minne kimya.
Kisha kadi, mwandiko umelala upande
kama nyasi za mtaroni baada ya mvua:
"Najua liko kusini. Nilizaliwa maili mbili kutoka hapo.
Lakini Edna alihitaji mahali pa kusimama
aitazame nyumba aliyoikimbia,
na ukisimama kusini, misonobari inaiziba."

Usiku ule zilianguka sentimita thelathini.
Nilishuka mteremko, nikafika kwenye daraja la kweli,
nikasimamisha greda katikati, jambo tusiloruhusiwa.
Nikatazama. Kweli, misonobari:
bega kwa bega, haipitishi hata taa ya jikoni.

Nikarudi kinyumenyume hadi juu,
nikaelekeza taa kubwa kaskazini, kwa Saarikko.
Ng'ombe watatu, theluji mgongoni, wakainua vichwa,
wakanikodolea kama wanaomwona mtu kavamia ibada.
Nyuma yao bonde lote liko wazi.
Pangekuwa pazuri pa kusimama.

Redio ikakohoa. "Reijo, uko wapi wewe?"
Nikabonyeza kitufe,
nikakishikilia,
nikitafuta upande wa kutaja.